Namba za simu za kimataifa: yanayoaminika na yalivyo kweli

Dhana inayoharibu data nyingi kuliko zote ni hii: namba ya simu ni namba, basi ihifadhiwe kama namba. Hapana. Hakuna anayejumlisha wala kugawanya namba za simu. Ukiziweka kwenye safu ya hesabu, alama ya + inatoweka na sufuri ya mwanzo inamezwa, na kuirudisha baadaye ni kubahatisha. Zihifadhi kama maandishi.

Wengi pia huamini kila namba ina tarakimu kumi. Kiwango cha kimataifa, E.164 cha ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa), kinaweka ukomo wa juu tu: tarakimu 15, msimbo wa nchi ukiwemo. Ujerumani ina namba za urefu tofauti ndani ya nchi hiyohiyo. Na urefu hubadilika: Januari 2021 Kodivaa ilihama kutoka tarakimu 8 hadi 10. Fomu iliyokariri 8 iliamka ikikataa namba halali, na mtu anayekataliwa hivyo anaweza kukosa akaunti ya benki au miadi ya daktari. Hilo si jambo dogo.

“Toa sufuri ya mwanzo, weka msimbo wa nchi.” Hapa ndipo wengi hunaswa, kwa sababu mara nyingi kanuni hii inafanya kazi. Namba ya London 020 7946 0123 inakuwa +44 20 7946 0123. Lakini Italia sufuri ya simu ya mezani ni sehemu ya namba yenyewe: ya Roma huanza +39 06, na ukiiondoa simu haifiki. Urusi hawatumii sufuri kabisa. Kwa simu za ndani hutangulizwa 8. Hungaria ni 06. Halafu kuna mtindo wa kuandika +44 (0)20, ambao ningependa uachwe: programu ikifuta mabano peke yake, inabaki +44020, namba isiyopigika.

Je, +1 ni Marekani? Ni Marekani, Kanada, Jamaika na nchi nyingine kadhaa za Karibi. Vivyo hivyo +7 ni ya Urusi na Kazakhstan. Usibandike bendera kwa kutazama msimbo tu.

Kisha ile ya kwamba namba iliyopita uhakiki ipo hewani. Libphonenumber ya Google, maktaba ya programu ya kuhakiki namba za simu, hutofautisha namba inayowezekana, yaani yenye urefu unaokubalika, na namba halali, inayolingana na mpangilio wa nchi husika. Zote mbili hazikuambii kama laini inafanya kazi, wala iko mikononi mwa nani. Hilo utalijua kwa kutuma tarakimu za siri na kuona zikirudishwa, tena kwa siku hiyo tu, maana laini iliyoachwa hugawiwa mtu mwingine.

Nafasi, vistari na mabano si makosa ya mtumiaji. Fomu ivipokee, ivisafishe yenyewe, na ihifadhi +442079460123.