Kaburi halisemi yote: dhana potofu za watafuta ukoo

Dhana: Mwaka ulioandikwa kaburini ndio mwaka wenyewe

Kaburi la bibi yangu mzaa baba tulilijengea miaka kumi na miwili baada ya kumzika. Fundi alikuwa akiandika kwa ncha ya msumari kabla saruji haijakauka, akauliza, "Alizaliwa lini?" Shangazi akajibu: wakati wa Mtunya. Fundi akataka namba. Watu wakatazamana, mmoja akasema 1922, ikaandikwa 1922, na leo wajukuu wanaijaza kwenye fomu.

Mtunya ni njaa iliyoipiga Ugogo, upande wa Dodoma, kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuzoa ng'ombe, nafaka na wanaume. Kwa hiyo ushahidi ulikuwa jibu la shangazi. Namba ile ni makisio ya mtu anayewahi saruji. Ukipiga picha kaburi, andika pia nani alilijengea, mwaka gani, na nani alitaja tarehe.

Dhana: Mwaka wa Hijria ukiujumlishia 580 umepata wa Miladi

Hapa wengi wenye wazee wa pwani hupotea. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo tofauti hupungua kadiri karne zinavyokwenda. Kaburi la Gedi, magofu ya mji wa kale pwani ya Kenya, lenye mwaka 802 ni la 1399: tofauti ni 597. Hijria 1350 ilianza Mei 1931: tofauti ni 581. Kama mwezi haukuandikwa, weka 1931/32, usichague mmoja.

Dhana: Asiyejengewa kaburi hana kumbukumbu

Kwetu bara watu wengi huzikwa nyumbani, na hakuna kitabu cha makaburi cha kufungua. Lakini kama alibatizwa, nenda parokiani. Kitabu cha ubatizo hutaja wazazi na msimamizi, na msimamizi mara nyingi ni ndugu au jirani ambaye hukuwahi kumsikia. Nenda na jina la ubatizo. Ukitafuta kwa jina aliloitwa nyumbani utarudi mikono mitupu ukidhani hayumo.

Dhana: Waliokufa vitani waliandikwa wote

Hii ndiyo inayoniuma. Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa 1917, ina orodha unayoweza kuitafuta bure mtandaoni. Wengi hulitafuta jina la babu humo, wasilione, wakahitimisha kwamba hadithi ya ukoo ni ya uongo. Mwaka 2021 kamisheni yenyewe ilikiri kwamba, kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wamo humo, wale wa "Carrier Corps", kikosi cha wabeba mizigo, waliotuachia neno Kariakoo.

Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, imeandikwa kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Majina yenyewe hayapo.

Baba mdogo wa bibi alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, hakurudi. Sijampata kwenye orodha yoyote. Ila katika ukoo wetu jina lake limerithiwa mara tatu, na nilipouliza kwa nini, mzee mmoja alinionesha njia waliyoondokea.