Kufa kikondoo: maana na asili yake

"Kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana" ni methali ya pwani inayomsifu mtu anayebeba machungu yake bila makelele. Kufa hapa si lazima iwe mauti. Mfiwa anayewapokea wageni kwa sauti yake ya kila siku, mtu anayetukanwa hadharani akanyamaza, mfanyabiashara aliyefilisika asimlilie mtu: wote hao wamekufa kikondoo.

Picha yenyewe imetoka kwenye kuchinja. Mbuzi akishikwa miguu tu huanza kupiga kelele, na nyumba ya tatu wanajua leo kuna kitoweo. Kondoo hulazwa, huelekezwa kibla, kisu kikapita, na sauti haitoki. Katika Biblia pia, Isaya 53:7, yumo kondoo anayenyamaza, lakini watu wa pwani wamemwona wao wenyewe uani kwao kila Idi ya kuchinja.

Uzito wa methali, kwa maoni yangu, uko kwenye kile "kiungwana". Siku hizi muungwana ni mtu mwenye adabu zake, basi. Zamani alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, na Tanganyika 1922. Katika jamii ya namna hiyo muungwana alijulikana kwa haya: hapazi sauti, haonyeshi njaa, halii ovyo mbele za watu. Mayowe yalihesabiwa kuwa ya watu wa chini. Ndiyo maana naisoma methali hii kama faraja na pia kama onyo: lililokupata limekupata, usisahau wewe ni nani.

Je, kondoo haumwi? Anaumwa sana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha kipimo cha kutambua maumivu ya kondoo kwa kumtazama usoni. Kondoo mwenye kwato zinazooza au kiwele kilichovimba hufinya macho, mashavu yakamkaza, masikio yakalala, na tundu za pua zikabadilika umbo. Hunyamaza kwa sababu ni mnyama anayewindwa, na anayeonyesha udhaifu kundini ndiye anayeandamwa kwanza.

Kwa hiyo inaniuma ninaposikia methali hii ikitumiwa msibani kumkatiza mjane kilio chake. Inamsifu aliyeamua mwenyewe kunyamaza. Jirani haikumpa ruhusa ya kumziba mtu mdomo.

Wapo pia wanaokata nusu ya pili na kuigeuza maana. Mtu akisema "sitakubali kufa kikondoo", anakusudia kwamba hatashindwa bila kupambana. Hapo uungwana umeachwa kando, na kondoo amebaki kuwa mnyonge tu.

Isichanganywe na "kufa na tai shingoni", usemi unaosikika sana Tanzania. Wa tai huficha hali yake: hana hata nauli, lakini shati limepigwa pasi na salamu anaitikia kwa tabasamu ili asijulikane. Anayekufa kikondoo hajamficha mtu lolote. Mtaa mzima unajua kilichompata, ila hawajamsikia akilalamika.