Ukali uliomo ndani ya oksijeni

Kwa Kigiriki cha kale, oxys ni "kali". Kiswahili kinatupa bahati hapa, kwa sababu "kali" yetu inafika karibu kila mahali neno hilo linapofika: kisu kikali, sauti kali, siki kali. Siki yenyewe Wagiriki waliiita oxos, mzizi uleule. Sehemu ya pili, -jeni, inahusu kuzaa. Oksijeni basi ni mzaa-ukali, yaani mzaa-tindikali.

Mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier alilibuni jina hilo mwishoni mwa miaka ya 1770. Alikuwa na sababu. Salfa ikiungua hutoa gesi ambayo ikiyeyuka majini huwa asidi, jina jingine la tindikali. Fosforasi nayo ni hivyohivyo, ila moshi wake ni unga mweupe. Akahitimisha kwamba kila asidi lazima iwe na oksijeni, na hapo ndipo alipokosea.

Chukua chokaa iliyotoka tanuruni, ambayo bado haijazimwa kwa maji. Hiyo ni kalsiamu oksidi, na oksijeni imo. Idondoshee maji kidogokidogo, ukiwa umekinga macho kwa sababu huchemka na kuruka, kisha iache ipoe. Chovya karatasi nyekundu ya litimasi, ile ya kupimia asidi: inageuka buluu. Ni besi, kinyume cha asidi. Upande wa pili, asidi hidrokloriki ni hidrojeni na klorini tu. Mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alilitetea hilo huko London mwaka 1810, alipoonyesha kwamba klorini ni elementi, akaipa jina kutokana na chloros, rangi ya kijani iliyopauka.

Kinachoipa asidi ukali wake majini ni ioni za hidrojeni, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme. Jina la "mzaa-ukali" lingeifaa zaidi hidrojeni, ingawa hiyo nayo ina jina lake la haki: hydor ni maji, na hidrojeni ikiungua huzaa maji kweli.

Jambo moja huwachanganya wanafunzi wengi, nami naona linastahili kusemwa darasani mapema. "Kali" iliyo ndani ya alkali, yaani besi inayoyeyuka majini, si hii yetu. Hiyo ni ya Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea ya sehemu zenye chumvi, na ndiyo iliyozaa kalium, jina la Kilatini linaloipa potasiamu alama yake K. Tindikali na alkali zinaishia kwa sauti moja, lakini ukizichanganya kwa kiasi kinacholingana, kila moja inaua nguvu ya mwenzake, zikabaki chumvi na maji.