P300: wimbi dogo la ubongo linalofichua urithi wa kutojizuia

Mzazi akiambiwa ukorofi wa mwanawe "uko kwenye damu", huuliza ni jeni gani. Hakuna jeni moja. Alama mojawapo ya urithi huo inaonekana kwenye wimbi la ubongo liitwalo P300.

Kijana huvishwa kofia ya elektrodi, yaani vijisahani vinavyonasa umeme wa ubongo, akaketishwa mbele ya skrini. Umbo moja linajirudia mara nane katika kumi; mara mbili zilizobaki linatokea jingine, na hilo tu ndilo la kubonyezea kitufe. Milisekunde 300 hivi baadaye, au zaidi kidogo, elektrodi ya Pz, nyuma ya utosi, hunasa mwinuko wa maikrovolti (sehemu za milioni za volti) kama 5 hadi 20. Kwa vijana wenye ugomvi, wizi au dawa za kulevya, mwinuko huo kwa wastani ni mfupi kwa kimo.

Je, pombe na bangi ndizo zilizoufupisha? Mwaka 1984 Henri Begleiter na wenzake, Brooklyn, waliwapima wavulana wa miaka 7 hadi 13, wana wa baba walevi. Watoto hao walikuwa hawajaanza kunywa, na bado P300 yao ilikuwa chini. Tafiti za pacha nazo zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya tofauti za kimo cha wimbi hili kati ya mtu na mtu hutokana na urithi.

Ila kipimo huharibika kwa urahisi sana. Kupepesa jicho huleta maikrovolti 100 au zaidi, wimbi lenyewe likamezwa. Wimbi hupatikana kwa kuchukua wastani wa majaribio mengi, na kelele, yaani umeme mwingine usiotakiwa, hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya majaribio: ukiwa na 36 safi imepungua mara sita, nusu zikiharibiwa na macho, umebaki na mara nne tu. Halafu kuna nywele. Elektrodi ikikaa juu ya rasta, jeli ya kupitisha umeme haifiki ngozini na ukinzani wa umeme unapanda kupita kilo-omu 5. Kubandua na kubandika upya hakusaidii. Mwambie mapema afumue, au asuke mistari itakayoacha ngozi wazi pale Pz inapokaa. Aliyekesha usiku mrudishe nyumbani: kukosa usingizi hushusha P300, nawe utaandika "urithi" mahali pa uchovu.

Hata ikipimwa vizuri, P300 fupi si utambuzi wa ugonjwa. Inaonekana pia kwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili. Tena haipimi breki yenyewe, yaani uwezo wa kujizuia, inapima jinsi ubongo unavyokipa uzito kitu kilichotokea. Breki hupimwa kwa zoezi jingine, ambamo kijana ameshaanza kubonyeza ndipo ishara ya kusimama inatokea.

Kuhusu jeni, ile iitwayo GABRA2 ilivuma mwaka 2004 kwa kuhusishwa na ulevi na mawimbi mengine ya ubongo, yale ya beta, lakini mchango wake ni mdogo. Uchambuzi wa mwaka 2021, wenye data za watu kama milioni 1.5, ulipata maeneo 579 ya vinasaba yanayohusiana na tabia za kutojizuia. Alama moja inayojumlisha tofauti ndogondogo za vinasaba vyote, si maeneo hayo tu, inaeleza takriban asilimia 10 ya tofauti za tabia hizo kati ya mtu na mtu. Na waliochunguzwa walikuwa wa asili ya Ulaya, kwa hiyo kwa kijana wa Kisumu au Tanga alama hiyo hupoteza nguvu. Anayekuuzia kipimo cha mate ili akutabirie tabia ya mwanao, usimlipe. Kuuliza kama baba, mjomba au babu alikuwa mlevi nako kutakupa habari, na ni bure.