Orodha ya Rekodi Katika Ukurasa wa Java: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana inayowasumbua kuliko zote wanaoanza kuonyesha rekodi za hifadhidata kwa Java ni kwamba ResultSet, yaani matokeo ya swali la SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), ni orodha ya rekodi, na kwa hiyo inatosha kuikabidhi kwa ukurasa wa JSP (ukurasa wa HTML unaojazwa data na Java) ili ionyeshwe. Ukweli ni kwamba ResultSet ni kielekezi kinachosoma rekodi moja baada ya nyingine kupitia muunganisho wa hifadhidata ulio wazi: huanza kikiwa kabla ya rekodi ya kwanza, husogea pale tu next() inapoitwa, na muunganisho ukifungwa, nacho hakisomeki tena. Wapo wanaojaribu kuepuka kosa hilo kwa kuuacha muunganisho wazi, na hapo ndipo wanapolikuza tatizo, kwa kuwa hodhi ya miunganisho, yaani akiba ya miunganisho inayotumiwa kwa zamu, ina kikomo, na isiyorudishwa ikimaliza nafasi zote, maombi mapya hubaki yakisubiri mpaka muda wake uishe. Lililo sahihi ni servleti (programu ya Java inayopokea maombi ya kivinjari) isome rekodi ndani ya try inayofunga rasilimali yenyewe, iliyoanza na Java 7 mwaka 2011, igeuze kila rekodi kuwa objekti, izipange objekti hizo katika List, kisha iiweke List hiyo kwenye ombi kwa setAttribute na kulipeleka ombi hilo kwa ukurasa. Ukurasa upokee data iliyokwisha kukamilika, usijue hata kama hifadhidata ipo.

Wengine huamini kwamba jedwali haliwezi kujazwa bila kuchanganya msimbo wa Java na HTML. Maktaba ya tagi za JSP iitwayo JSTL, iliyotoka mwaka 2002, ina tagi ya c:forEach inayofanya kazi hiyo kwa mistari michache inayosomeka.

Dhana ya hatari zaidi ni kwamba anayetumia PreparedStatement, yaani swali la SQL lenye nafasi za kujazwa thamani, amekwisha kujilinda. PreparedStatement, ikipewa thamani kupitia vigezo vyake, huilinda hifadhidata dhidi ya maneno yaliyochomekwa ili kubadili swali la SQL. Haimlindi msomaji wa ukurasa. Mtu akijisajili kwa jina lenye tagi ya script, jina hilo litahifadhiwa kama lilivyo, na likiandikwa ndani ya HTML ya JSP kwa ${} pekee (alama ya JSP ya kuandika thamani), kivinjari cha kila anayefungua orodha kitaliendesha kama programu. Tumia c:out, ambayo kwa kawaida yake hugeuza alama kama < na & ziwe maandishi tu. Jambo hili halifai kuahirishwa hata kwenye mfumo wa majaribio.

Kuhusu mpangilio, wengi hudhani rekodi hurudi kwa utaratibu zilivyoingizwa. SQL haiahidi utaratibu wowote pasipo ORDER BY, yaani agizo la kupanga rekodi, hata kama majaribio mia yameonyesha matokeo yaleyale. Kasoro hii hujitokeza hasa orodha inapogawanywa katika kurasa kwa LIMIT (idadi ya rekodi za kuonyesha) na OFFSET (idadi ya za kuruka): rekodi moja huweza kuonekana kwenye kurasa mbili na nyingine isionekane kabisa. Hata kupanga kwa tarehe peke yake hakutoshi ikiwa rekodi kadhaa zina tarehe moja. Ongeza safu ya kitambulisho cha kipekee mwishoni mwa ORDER BY.