Maana ya pankeki za sufle

Pankeki ya sufle ni pankeki nene ya Kijapani iliyoumuliwa kwa povu la ute wa yai. Ukiitikisa sahani, inatetemeka. Ukiibonyeza kwa uma, inakatika bila kutafuta kisu. Wajapani wana tanakali ya ulaini wa namna hii, fuwafuwa, ambayo huitumia pia kuelezea mawingu na manyoya ya vifaranga. Neno sufle ni la Kifaransa, na asili yake ni kitenzi souffler, yaani kupuliza. Fuwafuwa na sufle yote yanasema habari ya hewa, na mtu akishalielewa hilo amekwisha kuielewa nusu ya mapishi.

Nasema hivyo kwa sababu wengi wanaoshindwa nyumbani huongeza beking pauda wakidhani ndiyo itakayoinyanyua pankeki. Japani ina pankeki nyingine nene, ya zamani zaidi, iitwayo hottokeki, na hiyo kweli hutegemea pauda. Ya sufle huwekewa kidogo tu, kama msaidizi. Kazi yenyewe hufanywa na ute.

Ute wa yai ni maji kwa takriban asilimia 90, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni protini. Protini hizo zimejikunja kama vifundo vya uzi. Unapoupiga ute unaingiza hewa, na wakati huohuo vile vifundo vinafumuka, vinajipanga kuzunguka kila kiputo na kushikana. Huo mshikamano ndio ukuta unaoizuia hewa isitoroke. Sukari hufanya maji yaliyo katikati ya viputo yawe mazito, yasichuruzike upesi, na matone machache ya maji ya limau huzizuia protini zisikazane kupita kiasi.

Adui ni mafuta. Tone la kiini likidondokea kwenye ute, au bakuli likiwa na mabaki ya mafuta, mafuta hayo hukimbilia palepale kwenye ukuta wa kiputo na kuchukua nafasi ya protini. Utapiga mpaka mkono uchoke na povu halitainuka vizuri. Bakuli za plastiki hushika mafuta hata baada ya kuoshwa, kwa hiyo napendelea la kioo au la chuma, lililofutwa likakauka kabisa.

Kwa mayai 2 unahitaji unga wa ngano gramu 30 hivi, sukari gramu 25, maziwa vijiko 2 vikubwa, vanila kidogo na nusu kijiko cha chai cha beking pauda. Unga ni mchache mno, na usishawishike kuuongeza, maana kila gramu ni mzigo ambao povu litalazimika kuubeba. Viini huchanganywa na maziwa, vanila, unga na pauda. Sukari huingia kwenye ute, kidogo kidogo, wakati unapigwa.

Simama pale povu linapong'aa, na ukiinua mchapo ncha yake ikasimama huku ikijipinda kidogo kileleni. Kabla ya hapo ni laini mno. Likipita hapo hukauka, hukatika mabongebonge, wala halichanganyiki tena na kitu. Kisha chota theluthi moja, changanya na rojo la viini ili lilegee, halafu rudisha rojo hilo kwenye povu lililobaki. Hapa mwiko unapita chini na kupindua kuja juu. Usikoroge kwa kuzungusha, na acha mara mistari myeupe inapotoweka.

Moto uwe mdogo sana, mdogo kuliko unavyodhani. Povu ni kizuizi cha joto, kama godoro. Joto hupenya humo polepole, na moto mkali utaunguza chini ilhali katikati ni mbichi. Chota rojo uliweke kwa kulirundika, lipande juu badala ya kutandaa, nyunyiza kijiko cha maji pembeni mwa kikaango na ufunike. Mvuke unaivisha ubavu na juu. Dakika 6 au 7 upande wa kwanza, geuza taratibu, kisha 4 au 5 upande wa pili. Ukiigeuza mapema itamwagika, kwani ubavu wake bado haujashikana.

Wanaoanza huhuzunika pankeki inapopungua kimo baada ya kuepuliwa. Kupungua kidogo hakuepukiki: hewa iliyotanuka kwa joto hunywea inapopoa, na mvuke hurudi kuwa maji. Tatizo ni ile inayobonyea yote ikabaki bapa. Mara nyingi maana yake ni kwamba katikati hapakuiva, kwa hiyo protini hazikuganda na kuta za viputo zikabaki laini. Ute huanza kuganda kwenye nyuzijoto 60 na kitu, lakini ili ugande barabara unahitaji kufika karibu 80. Wakati mwingine kosa liko nyuma zaidi, kwenye povu lililopigwa nusunusu.

Povu hilo halisubiri hata likiwa bado bichi. Likikaa bakulini dakika kadhaa, maji huanza kujitenga chini. Kama tuko wengi, sipigi mayai yote kwa mara moja. Napika za mtu wa kwanza, anakula zikiwa bado zinatetemeka, ndipo ninapoanza kupiga ute wa anayefuata.