Wanawake wa Athens hawakufungiwa ndani

Nimeisikia tena, na safari hii imetoka kwa mtu anayefundisha historia: eti mwanamke wa Athens ya kale aliingia nyumbani kwa mumewe akiwa bi arusi, na akatoka akiwa maiti. Kati ya hapo na hapo, giza. Wasikilizaji wakatikisa vichwa kukubali, mada ikahamia kwa Plato na wenzake. Kazi yangu mimi ni kusoma na kufundisha hotuba zilizotolewa mahakamani Athens katika karne ya 4 KK, na kila nikisikia maneno hayo najiuliza kama anayeyasema amewahi kusoma hata hotuba moja hadi mwisho.

Tuanze na pale imani hii inapochota maji. Kifungu kinachotajwa kila mara ni cha Pericles, kiongozi wa Athens. Katika majira ya baridi ya mwaka 431 KK aliwahutubia raia kwenye maziko ya askari waliokufa vitani, na mwanahistoria Thucydides anaandika kwamba alipofika kwa wajane aliwaambia sifa yao kubwa ni kutotajwatajwa na wanaume, kwa wema wala kwa ubaya. Watu wanakata kifungu hapo na kukibandika ukutani. Lakini rudi nyuma kurasa chache katika kitabu hichohicho: Thucydides anaeleza desturi ya maziko hayo, na anasema wanawake wa jamaa za marehemu huwapo makaburini wakiomboleza. Maana yake Pericles alikuwa anasema na wanawake waliosimama nje, mchana, mbele ya umati wa mji mzima na wageni. Alichowaambia ni kwamba majina yao yasiwe midomoni mwa watu. Hakuwaambia wamekosea kuja.

Kifungu cha pili ni cha mwandishi Xenophon, kuhusu yule mume tajiri Ischomachus anayesimulia jinsi alivyomfunza mkewe, binti ambaye alipoolewa alikuwa hajatimiza miaka 15, kwamba miungu imemuumbia mwanamke kazi za ndani na mwanamume kazi za nje. Sawa. Lakini huyo Ischomachus ana mashamba, ana msimamizi, ana mtunza ghala, ana watumwa wa kutuma sokoni na kisimani. Mke wake anaweza kukaa ndani kwa sababu kuna miguu mingine inayotoka kwa niaba yake. Mwanafalsafa Aristotle, ambaye hakuna anayeweza kumshuku kwa kuwatetea wanawake, aliliona hilo waziwazi. Anapozungumzia maofisa waliowekwa katika baadhi ya miji kuchunga mienendo ya wanawake, anauliza: wake wa maskini utawazuiaje kutoka? Na mahali pengine anasema maskini, kwa kukosa watumwa, huwatumia wake zao na watoto wao kama watumishi. Sentensi hizo mbili zilipaswa kuufunga mjadala huu zamani.

Sasa nije kwenye hotuba ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ndani yake kuna nyumba ya kweli, yenye ngazi, mlango na taa.

Lysias alimwandikia mtu aitwaye Euphiletos utetezi. Euphiletos alimuua Eratosthenes baada ya kumfumania na mkewe, na sasa anajitetea kwamba sheria ilimruhusu. Anawaeleza majaji kuhusu nyumba yake: ndogo, ya ghorofa moja, juu wanakaa wanawake na chini wanaume. Hapo wapenzi wa nadharia ya kifungo hushangilia: mnaona, wanawake juu! Endeleeni kusoma. Mtoto alipozaliwa, mama alikuwa akimnyonyesha na kila mara ilibidi ashuke kumwosha, na ngazi zilikuwa za hatari. Basi wakabadilishana. Mume akahamia juu, wanawake wakahamia chini. Sehemu ya wanawake, ile inayochorwa vitabuni kama gereza lenye kuta zake, ilihama kwa sababu ya ngazi na mtoto mchanga.

Halafu Eratosthenes alimwona wapi mke wa mtu? Kwenye mazishi ya mama yake Euphiletos, mwanamke huyo akitembea katika msafara wa jeneza. Alimfikia kwa njia gani? Kupitia kijakazi aliyekuwa akienda sokoni. Na baadaye hotuba inasema mke huyo alikwenda kwenye sikukuu ya Thesmophoria pamoja na mama yake Eratosthenes. Hiyo ni sikukuu ya Demeter, mungu wa kike wa nafaka, ya wanawake watupu, siku tatu katika majira ya kupukutika majani, na wanaume hawakuruhusiwa kukanyaga.

Lakini jambo ninalotaka mlishike ni la ule usiku. Euphiletos analala juu, anasikia milango inalia. Asubuhi anamuuliza mkewe kulikoni. Mkewe anajibu kwamba taa iliyokuwa karibu na mtoto ilizimika, akaenda kuiwashia kwa majirani. Mume anakubali, ingawa aliona uso wake kama umepakwa poda, na kaka yake mwanamke huyo alikuwa hajatimiza siku thelathini tangu afe. Ananyamaza, anatoka zake nje.

Jiulizeni maswali ya mwanasheria hapa. Mwanamke anadanganya. Uongo unaofaa ni ule unaofanana na maisha ya kila siku. Kama mke wa raia kutoka usiku kwenda kwa jirani kuomba moto lingekuwa jambo la ajabu, angechagua uongo huo? Na mume angeupokea? Na zaidi ya yote, Lysias, mwandishi wa hotuba kwa malipo, anayepima kila neno kwa masikio ya majaji, angewaeleza majaji hao, wote wanaume, kwamba mteja wake aliridhika na jibu hilo, bila kuhofia wamwone mpumbavu? Ningemtaka kila anayerudia hadithi ya kifungo anijibu swali hili moja. Sheria za nchi zinatuonyesha walichotaka watu kitokee. Visingizio vinatuonyesha walichokuwa wamezoea kukiona.

Kesi nyingine. Mwaka 346 KK kulifanyika uhakiki wa orodha za raia katika kata zote za Athens, na mtu aitwaye Euxitheus alifutwa katika kata yake ya Halimous. Akakata rufaa, na Demosthenes, mwandishi mwingine wa hotuba, ndiye aliyeiandika yake. Moja ya hoja za wapinzani ilikuwa kwamba mama yake, Nikarete, aliuza utepe sokoni na aliwahi kunyonyesha mtoto wa watu kwa ujira, kazi ambazo kwa fikra zao zilimfanya aonekane mtumwa au mgeni. Euxitheus hakani hata kidogo. Anasema ndiyo, mama aliuza utepe. Ndiyo, alinyonyesha, kwa sababu baba alikuwa vitani na yeye ana watoto wawili wa kulisha. Kisha anataja sheria inayomfanya awajibike kisheria yeyote anayemtukana raia, mwanamume au mwanamke, kwa kufanya kazi sokoni. Na anaongeza kwamba wanawake wengi raia wamekuwa wanyonyeshaji, wafumaji na vibarua wa kuchuma zabibu kwa ajili ya shida za wakati ule.

Aibu ipo katika hotuba hiyo, siikatai, imejaa tele. Lakini ni aibu ya umaskini. Wapinzani hawakusema “haiwezekani mwanamke raia akae sokoni.” Walisema anayekaa sokoni huenda si raia. Na mji ulikuwa na wanawake raia wa kutosha sokoni hata ikahitajika sheria ya kuwalinda.

Vichekesho vya Aristophanes nitavipitia haraka, kwani kichekesho hakiaminiki neno kwa neno. Katika mchezo wake wa mwaka 422 KK muuza mikate Myrtia anamfokea mzee aliyemwagia mikate chini na kumwita mbele ya wasimamizi wa soko, akijitaja kwa majina ya wazazi wake. Katika mchezo wa 411 KK mjane mwenye watoto watano, aliyefiwa na mume Cyprus, anahutubia wenzake kisha anaaga upesi, maana ana oda ya mashada ishirini ya kusuka. Watazamaji walicheka kwa sababu waliwajua watu wa namna hiyo.

Na kuta zenyewe? Mji wa Olynthus, kaskazini mwa Ugiriki, uliharibiwa na Philip wa Makedonia mwaka 348 KK na haukuinuka vizuri tena, kwa hiyo tuna nyumba zaidi ya mia moja za wakati huo zilizofukuliwa. Chumba cha wanaume kinatambulika mara moja: kipo karibu na mlango wa barabarani, sakafu yake ina ukingo ulioinuliwa kuzunguka kuta kwa ajili ya makochi ya karamu. Chumba cha wanawake hakitambuliki. Vidonge vya udongo vya kuning'iniza kwenye nyuzi za mtande wakati wa kufuma, kazi ya wanawake, vinaokotwa huku na kule, uani, varandani, vyumba mbalimbali. Mpango wa nyumba unamdhibiti mgeni wa kiume: aingie, anywe divai yake pale mbele, asizagae. Hilo ndilo lililowakosesha usingizi wanaume wa Athens, kwamba mwanamume asiye wa jamaa akutane na wanawake wa nyumba. Hata sheria ya mazishi iliyonasibishwa kwa Solon, mtunga sheria wa Athens, inasema wanaume watangulie na wanawake wafuate nyuma, na wanawake wa chini ya miaka 60 wasiwepo isipokuwa ndugu wa karibu. Sheria ya kupanga watu njiani hutungwa kwa watu wanaotembea njiani.

Kuna ushahidi mmoja ambao siuegemei kama wenzangu wengi wanavyouegemea: mitungi ya maji ya mwishoni mwa karne ya 6 KK yenye picha za wanawake kwenye nyumba za chemchemi, mitungi vichwani, wakizungumza. Ni picha nzuri, na hutumiwa sana kuthibitisha hoja hii ninayoitetea. Lakini je, ni raia, vijakazi, au wanawake wa hadithi za miungu? Wataalamu hawajapatana, na mingi ya mitungi hiyo ilifukuliwa katika makaburi ya Waetruski kule Italia, ilikouzwa. Mchoraji anayempakia mteja wa ng'ambo bidhaa yake si shahidi wa mtaa wake. Ninaiweka pembeni, na hoja inasimama bila hiyo.

Sasa niwageukie wanaotoka hapa wakipiga vigelegele kwamba basi walikuwa huru. Hapana, hapana kabisa! Mwanamke wa Athens alikuwa chini ya kyrios, mlinzi wake wa kisheria, kuanzia baba hadi mume hadi mwana. Hakupiga kura, hakusimama mwenyewe kusema kesi mahakamani. Sheria ilimzuia kufanya makubaliano ya thamani inayozidi medimno moja ya shayiri, kama lita 52. Baba akifa bila mwana, binti alifuatana na urithi, na ndugu wa karibu wa upande wa baba alikuwa na haki ya kudai amwoe. Myrtia angeweza kuuza mikate kutwa, kumshtaki mteja mkorofi kwa wasimamizi wa soko, na jioni asiweze kuuza kipande cha shamba bila idhini ya mwanamume. Anayetaka kuuzungumzia ukandamizaji wa Athens aanzie kwenye sheria ya urithi na ile medimno ya shayiri, maana huko ndiko ulikokaa, na huko kumejaa kesi za kumsomea.